Kilo Sitini za Baba na Zangu

Baba yangu alikuwa na kesi moja maishani mwake, na mshtakiwa wa siku zote nilikuwa mimi. Alidai kwamba enzi zake katika ndondi, uzani mwepesi, ule wa kilo sitini, ulijaa wanaume wa kweli kweli, mpaka mtu akitaka ubingwa wa shamba letu la chai peke yake ilimbidi apigane kila Jumamosi mwezi mzima. Enzi zangu, yaani hiyo miaka ya tisini, uzani huohuo ulikuwa umebaki mtupu. Alisema tunapeana ubingwa kama watoto wanaopeana peremende.

Aliyasema hayo asubuhi akinawa uso na kuyarudia jioni akingoja ugali. Mbele ya wageni ndipo alipochangamka zaidi. Siku niliyotwaa ubingwa wa mashamba yote ya upande wetu nilirudi nyumbani na kikombe cha bati, nikakiweka mezani, nikangoja. Alikishika, akakigeuza chini juu, akakikagua kana kwamba anatafuta tundu.

"Ulipiga wangapi?"

"Wawili."

"Wawili." Alimgeukia mama. "Sisi ile wakati, wawili ilikuwa ya kupasha mwili moto tu."

Nilitamani kukirusha kile kikombe nje. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mdomo umevimba, na nilichotaka duniani ni baba aseme umefanya vizuri, halafu anyamaze.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kwa idadi alikuwa sahihi. Kati ya Kericho na Bomet uzani wetu ulikuwa na watu watatu tu ambao ungeweza kuwaita mabondia bila kuona haya. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa utingo wa lori huko Sosiot, kijana wa ngumi nzito aliyefumba macho kila aliporusha. Wa tatu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe kutoka Mulot, naye alikuja mashindanoni siku zile tu ambazo hakuna soko la mifugo. Ukituondoa sisi, waliobaki walikuwa wavulana waliopanda ulingoni kwa sababu wasichana wanatazama.

Wengine walikuwa wapi? Walikuwa barabarani wakikimbia. Kijana yeyote wa kwetu mwenye miguu mirefu na kifua chembamba, yule ambaye enzi za baba angevishwa glavu kabla hajapata nafasi ya kukataa, sasa aliamka alfajiri kupanda na kushuka vilima. Mbio zilikuwa na viatu, zilikuwa na safari za ndege, na kila kijiji kilimjua mtu aliyekimbia akarudi kujenga nyumba ya mawe. Ndondi zilikuwa na meno yaliyolegea. Nao wasimamizi wa shamba, ambao zamani walinunua glavu mpya na kuweka taa kali ukumbini, siku zetu walituachia paa linalovuja. Glavu tulizishona wenyewe kwa uzi wa magunia.

Nilimweleza baba hayo yote na hakuyataka. Kwake yeye, mwanamume hawezi kukosekana ulingoni kwa sababu ya viatu. Mimi nami sikumwachia. Nilimwambia kwamba kuwa wengi si sawa na kuwa wazuri, kwamba pengine walikuwa umati tu wa watu wanaorushiana mikono. Hapo angenitajia kumi kwa mpigo, kila mmoja na ngumi yake, kila ngumi imetiwa chumvi. Na mwisho angefika Nakuru, kwenye mashindano ya mkoa, ambako yeye mwenyewe alishindwa kwa pointi baada ya raundi tatu za damu. "Huko Nakuru ndio ungejua kilo sitini ni nini," alisema, akatikisa kichwa kwa heshima ya maumivu yake.

Kocha wetu alikuwa seremala wa shamba, mtu wa upande wa Busia, ambaye alikuwa ameona mwisho wa enzi za baba na mwanzo wa zangu. Kila tulipombana atoe hukumu alijibu vilevile: "Mimi nimeona nyinyi wote, na nyinyi wote munashusha mkono ya kulia."

Mwaka huo ubishi wetu ulipata uzito mwingine. Mashindano ya mkoa yaliletwa Kericho mjini, na habari ikaenea kwamba timu moja kubwa ya Nairobi, ya watu wa sare, ingemchukua bingwa wa kila uzani na kumpa kazi ya kudumu yenye nyumba. Baba alikuwa anastaafu mwishoni mwa mwaka. Nyumba yetu, kama nyumba zote za laini, zile safu za wafanyakazi, ilikuwa ya shamba, na anayestaafu hurudisha ufunguo. Mama alikuwa ameanza kuuliza kila jioni tutahamia wapi. Mimi nilikuwa mchuna majani wa kawaida, wa kuitwa na kuachwa kulingana na msimu, na wa namna hiyo hapewi nyumba. Kwa hivyo ilikuwa wazi kwa kila mtu mezani: nikishinda tuna pa kwenda, nikishindwa tunatoka kapa.

Nilijiandaa kama mwendawazimu. Nilichuna asubuhi, nikafanya mazoezi jioni, nikala ugali na mursik, maziwa yetu ya kugandisha, bila wasiwasi wowote kuhusu uzito, kwa sababu uzito wangu niliujua. Tulipimwa kila Jumamosi palepale tulipopimiwa majani. Karani aliitundika mizani yake kwenye boriti, sisi tukafungiwa gunia kama bembea, tukakaa ndani tukining'inia miguu juu, huku akina mama wakitucheka. Mabondia wa mashamba walipimwa hivyo tangu enzi za baba. Mshale ulisimama chini kidogo ya sitini, wiki baada ya wiki, nami nikashuka kutoka gunia nikiwa na furaha yangu.

Asubuhi ya mashindano tulifika mjini kwa pikapu ya karakana, kocha akiendesha, baba akiwa amevaa koti lake la kanisani. Kulikuwa na manyunyu na baridi ya kukata masikio. Ndani ya ukumbi palikuwa na mizani ya kusimama juu yake, mfano wa ile ya zahanati, na afisa mwenye miwani. Nilivua shati, nikapanda.

"Umezidi," alisema afisa. "Kilo moja na nusu na kidogo."

Nilishuka. Nikavua kila kitu, nikapanda tena nikiwa nimejifunika kwa mikono. Akasoma vilevile.

"Hiyo mizani ni ya uongo," baba alisema kwa sauti ya kujaa ukumbi. "Huyu tunapima kila wiki. Hajawahi kupita sitini."

"Mzee, mnapima na gani?"

"Ya majani chai."

Watu walicheka. Afisa hakucheka, lakini alivua miwani akaipangusa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Nilimtazama kocha nikamwona amekunja uso, midomo ikichezacheza.

"Kikapu," alisema. "Mzee, si karani hutoa kikapu? Hutoa kikapu na hutoa umande. Anarudisha mshale nyuma kabla ya kutundika. Sasa huyu amekuwa akining'inia pale, na anatolewa kikapu ambayo hana."

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu ambaye hajachuna chai jinsi jambo hilo lilivyokuwa la aibu. Hakukuwa na siku ambayo hatukuilalamikia ile mizani. Tuliita mizani mwizi, tukamwita karani mwizi, mama zetu walirudi nyumbani kila jioni wakilia kwamba kilo zao zimeliwa. Tulijua kabisa kwamba inapunguza. Lakini ilipofika zamu ya miili yetu, tuliiamini kama Biblia. Tangu kocha aje, hakuna bondia wetu aliyekuwa amevuka mashindano ya mashamba, na huko kila mtu alipimwa kwa mizani za aina moja, hivyo hapakuwa na wa kutuzindua.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi. Kofia yake ilikuwa magotini. Nilimwendea nikidhani anaumwa.

"Mimi hawakunipiga Nakuru," alisema kwa Kipsigis, polepole, akitazama sakafu. "Sikupigana. Walinirudisha kwenye mizani. Kilo moja na nusu. Walinipa nafasi ya kupanda uzani wa juu nikakataa, nikasema watu wa mjini wananionea. Nikarudi nyumbani nikasema ni pointi."

Kwanza nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi, kwa muda wa kumeza mate. Kwa sababu niliona pale pale lile jeshi lake lote la kilo sitini likipungua. Kumbe nusu ya wale wanaume wake hawakuwa wa kilo sitini. Walikuwa wa uzani wa juu, waliotolewa kikapu, wakachanganywa na wepesi, wakaonekana wengi. Enzi zake zilikuwa uzani wa aina mbili ndani ya gunia moja. Naye alikuwa ameliona hilo kabla yangu. Nililiona usoni mwake. Halafu furaha ikaniishia na hofu ikachukua nafasi yake, kwa sababu aliyezidi kilo safari hii nilikuwa mimi, na nyumba tuliyokuwa tukitafuta ilikuwa yetu sote.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alituambia tunaweza kurudi kabla ya saa sita nikiwa nimepungua, au niandikwe uzani wa juu, ule wa sitini na tatu na nusu, ambako nilitosha vizuri tu.

"Huko juu wako wangapi?" kocha aliuliza.

"Wanane."

"Na sitini?"

"Mmoja."

Kocha alinivuta kando. "Panda juu. Wanane ni wengi, lakini utapigana na nguvu yako yote. Ukikauka leo, utapigana na nini?"

Baba alikuwa ameinuka. Alikuja karibu sana, na macho yake, yaliyokuwa yamezimika dakika chache kabla, yalikuwa yamewaka tena. "Umesikia amesema mmoja?" aliniambia. "Mmoja, weri, kijana wangu. Pigano moja na kazi ni yako. Mimi nilikataa kupanda na nilikosea, lakini ile wakati chini walikuwa wengi. Wewe chini ni mmoja. Mmoja wa siku hizi utampiga hata kama umekauka."

Na mimi, niliyebishana naye miaka yote, niliyeapa kwamba uchache wetu haukuwa udhaifu, nilimwamini papo hapo. Maneno yake yalinifaa siku hiyo, basi nikayaona ya kweli. Nilimwambia kocha twende tukatoe jasho. Kocha alitupa mikono juu, akaenda kuwasha pikapu.

Kutoa jasho Kericho asubuhi ya manyunyu ni kazi ya kichaa. Tungekimbia barabarani mpaka jioni bila kulowa kitu ila mvua. Baba ndiye aliyekumbuka kiwanda cha chai kilicho nje kidogo ya mji, ambako alifahamiana na mtu wa boila. Tuliingia kwa nyuma, tukapita kwenye milima ya kuni za mikaratusi, tukasimama mbele ya mlango wa chuma ulioguruma. Joto lilinipiga usoni nikarudi nyuma.

Nilivaa sweta mbili, ya kwangu na ya kocha. Juu yake baba alinizungushia aproni ya plastiki ya kuchunia majani, ile ya kukinga umande, akaikaza kwa kamba kiunoni na shingoni ili mvuke usitoke. Kisha akanipa kamba ya kuruka. Niliruka. Mtu wa boila alifungua mlango kutupa kuni, mwanga mwekundu ukanimwagikia, akaufunga. Niliruka. Jasho lilianza kwenye magoti, likapanda mgongoni, likaanza kutiririka ndani ya aproni mpaka nikalisikia likichuruzika viatuni.

Nilipoomba maji baba alikataa. Nilipoomba mara ya pili alilowesha ncha ya kitambaa chake, akanipangusa midomo, nikajaribu kukinyonya kile kitambaa, akakivuta. Kocha alikuwa mlangoni akitazama saa, harudi ndani. Alinipa mkebe wa mafuta uliokatwa akaniambia niwe nikitema mate humo. Baada ya muda sikuwa na mate ya kutema. Misuli ya vigimbi ilianza kujikunja. Nilikaa chini, baba akanisimamisha. Nikakaa tena, akanisimamisha tena, na mara hii alinishikilia kwa mikono miwili tukaruka pamoja, yeye na koti lake la kanisani, mzee wa karibu miaka sitini, uso wake karibu na wangu, akihema.

Nilimchukia wakati ule. Nilimpenda pia, na vitu hivyo viwili havikupishana njia.

Tulirudi ukumbini zikiwa zimebaki dakika chache. Nilipanda mizani nikiwa uchi, nikatoa pumzi yote iliyokuwa kifuani. Mshale ulitetemeka, ukasogea huku, ukasogea kule, ukatulia.

"Sitini," alisema afisa.

Baba alicheka kwa sauti. Alimpiga kocha begani, kocha asitikisike.

Nilipewa maji kidogo na ndizi. Niliyatapika maji, ndizi nikaishika tu mkononi. Nilikaa kwenye benchi la mabondia nikingoja zamu, na karibu yangu walikaa wale wanane wa uzani wa juu, wengi wao vijana wa Nakuru, wakitaniana. Mmoja aliyekuwa akijifunga bendeji alinitazama kwa makini.

"Ni wewe wa sitini?"

"Ndiyo."

"Pole, ndugu."

Nilidhani anasema kuhusu midomo yangu iliyopasuka. "Ni jasho tu," nilimwambia.

"Si hiyo." Alitazama upande wa pili wa ukumbi. "Sisi wengi hapa tulikuwa sitini mwaka jana. Tumekula chapati mwaka mzima tupande juu. Hakuna mtu wa Nakuru anataka kupatana na huyo jamaa tena."

Wenzake walicheka, kicheko cha watu walionusurika. Niligeuka kumtafuta baba nikamwona amesimama nyuma yangu kabisa. Alikuwa amesikia kila neno. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kule alikotazama yule kijana, na mimi nikatazama pia.

Alikuwa mtu mwembamba, mweusi, wa kimo cha kawaida, mikono mirefu. Alikuwa ameketi peke yake akifunga kamba za viatu, akizifungua, akizifunga tena hadi zilipomridhisha. Baadaye niliambiwa anauza viatu vya mitumba sokoni Nakuru. Nilipopita mbele yake kuelekea ulingoni aliinuka kunipisha, akanisalimu.

"Habari ya chai huko?"

"Ni nzuri," nilimjibu, na sauti yangu ilitoka kavu kama ya mzee.

Nilipiga moyo konde. Kengele ilipolia nilimwendea mbio, kwa sababu nilijua sina nguvu ya kusubiri. Ngumi yake ya kushoto ilikuwa imenifikia kabla sijaiona ikitoka. Haikuwa nzito. Ilinigusa tu, ikanigusa tena, na kila nilipotaka kuanza jambo langu ilikuwa pale tayari. Nimepigana na watu wenye nguvu kumshinda. Sijawahi kupigana na mtu aliyefanya mambo machache hivyo. Hakuruka wala hakunitishia kwa bega. Alisogea kidogo, nami nikapiga hewa mahali alipokuwa.

Nilimpata mara moja, mwishoni mwa raundi ya kwanza, kulia safi kwenye taya, ngumi bora niliyowahi kurusha maishani. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona ni ya haki. Kisha akaniadhibu mpaka kengele.

Kwenye kona kocha alinimwagia maji kichwani, nikayalamba yaliyoshuka midomoni. "Mkono ya kulia," alisema, halafu akaacha. Baba alikuwa ameshika kamba. Mwanzoni mwa raundi nilikuwa nimemsikia akipiga kelele kwamba ni mmoja tu, ni mmoja tu. Sasa alikuwa kimya, na kimya chake kilinitia hofu kuliko yule mtu wa viatu.

Raundi ya pili miguu ilikuwa imekwisha. Niliiambia iende, ikabaki. Nilianguka mara ya kwanza kwa ngumi ambayo mwezi mmoja kabla ningeicheka. Niliinuka. Niliwaza ufunguo wa nyumba, niliwaza mama anavyouliza swali lile akikoroga uji, nikainua mikono, na ilikuwa mizito kuliko vikapu vyote nilivyowahi kubeba. Mara ya pili sikumbuki nilivyoanguka. Nakumbuka mbao za ulingo, na refa akinishika mabega akisema imetosha, kijana, imetosha, nami nikimkatalia kwa Kipsigis.

Walinipeleka kwenye benchi. Kocha alinishikia kikombe cha maji nikanywa, nikanywa, nikalia bila machozi kwa kuwa sikuwa nayo. Nilimtafuta baba. Hakuwa upande wetu. Alikuwa amevuka ukumbi mzima kwenda kwa yule mtu, na nilipomwona amesimama mbele yake niliogopa atamtukana, kwa sababu namjua, mdomo wake haukuwa na breki. Nilijaribu kuinuka nikashindwa.

Baba alivua kofia. Aliushika mkono wa yule kijana kwa mikono yake yote miwili, akauinamia kidogo, na akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ileile aliyotumia kuitukana mizani asubuhi, mpaka watu wakageuka.

"Kijana, sisi ile wakati tulikuwa wengi. Tulikuwa wengi sana. Lakini kama wewe hakukuwa."

Yule mtu wa viatu aliona haya akatazama chini. "Asante, mzee," alisema. "Huyu wako pia ni moto. Amenipiga moja, bado naisikia."

Nilikuwa nimengoja maneno yale tangu nilipovaa glavu mara ya kwanza. Nilitaka baba akiri kwamba enzi zangu zimezaa mtu ambaye enzi zake hazikumzaa. Sasa alikuwa ameyatamka mbele ya ukumbi mzima, na yalikuwa kweli, na alikuwa akimwambia mtu mwingine, aliyekuwa ameondoka na kazi yangu na nyumba ya mama yangu. Niliumia pale kuliko nilivyoumia ulingoni.

Mwisho wa mwaka tulirudisha ufunguo. Tulihamia Sosiot, kwenye chumba cha nyuma kwa shangazi, na mama akaacha kuuliza. Baba hakuwahi tena kulinganisha enzi zake na zangu. Majirani walipomchokoza alisema hajui, mambo hayo ni ya zamani, akatafuta habari nyingine. Ningempa chochote arudi kunitukana.

Lakini siku yenyewe, tukirudi kwa pikapu, tulikaa watatu mbele, mimi katikati, mvua imefunga kioo. Kocha aliendesha polepole. Tulikuwa tumeiacha mbali Kericho, chai imejaa pande zote mbili, nilipopata ujasiri wa kuuliza.

"Na mimi je, baba? Ile wakati yenu, mimi ningekuwa wapi?"

Alipangusa kioo kwa kiganja, akatazama nje, akapangusa tena. Alikuwa anafikiri kwa dhati, naona alikuwa anawapitia wote mmoja mmoja, wale wa kweli na wale wa kikapu, na mimi nikiwa nimesimama mahali fulani katikati yao.

"Wewe," alisema, "ungekuwa mmoja wetu."

Alichukua koti lake akanifunika magoti.